Mechi Moja Bila Flashi

Mume wangu watu wanamwita Radi. Si kwa sababu ya hasira, maana hasira za nyumba hii ninazo mimi peke yangu. Ni kwa ajili ya flashi. Akikupiga picha kwenye harusi unaona nyota mchana, na kuna bibi harusi mmoja alikata keki akiwa bado anapapasa meza. Yeye mwenyewe jina analipenda. Ameliandika juu ya mlango wa studio kwa rangi nyekundu: PICHA ZA RADI, DAKIKA TANO TU. Hizo dakika tano ni uongo, lakini tuyaache hayo.

Studio ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuna pazia la buluu la picha za vitambulisho, pazia jeupe la wanaotaka kuonekana watu wa maana, kiti cha kuzunguka, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisije kikatembea na wateja. Humo ndani mume wangu ni mfalme. "Kidevu juu! Bega la kushoto shusha! Usipepese! Tazama hapa!" Aje hakimu, aje muuza mkaa, amri ni zile zile, na wote wanatii.

Kitinda mimba wetu ni msichana. Ni mrefu mpaka ameshazoea kuinama mlangoni, na anacheza mpira wa kikapu. Siku ya nusu fainali ya mwaka jana baba yake alikwenda ukumbini na kamera na flashi zake zote mbili, akapiga magoti chini ya goli. Timu zilikuwa sawa kwa pointi, muda unayoyoma, na binti yetu akapewa mitupo huru, yaani anasimama peke yake, hakuna wa kumzuia, ukumbi mzima umenyamaza. Mpira ulipokuwa unatoka mkononi, pwaa! Ukumbi ukawa mweupe. Mpira ukagonga ukingo wa pete ukatoka nje, na wa pili nao, mtoto bado anafikicha macho, haukugusa hata nyavu. Wale wengine wakauchukua, wakaenda kufunga. Tukafungwa.

Refa alimjia mbio. "Mzee, unataka kumpofusha mtoto wa watu?"

"Ni wangu," mume wangu akajibu.

Loo! Afadhali angenyamaza. Ukumbi mzima ulisikia, na wenye kucheka wakacheka.

Nyumbani binti alivua raba zake pale sebuleni, akasema, "Baba asikanyage tena ukumbini nikiwa nacheza." Hakumwambia yeye. Aliniambia mimi, na baba mtu amekaa pale pale, sahani mapajani. Tangu siku hiyo ikawa kila asubuhi, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Basi. Mazungumzo yamekwisha mpaka kesho. Adabu hakumvunjia hata mara moja, na hapo ndipo palipouma. Mtu akikutukana una pa kuanzia ugomvi. Shikamoo kavu utaijibu nini?

Mimi niliwakalia kooni wote wawili, huyu kwa ujinga wake, yule kwa kisirani chake, na wote wakanipa kisogo. Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni kwamba msimu ukiisha binti anahamia timu ya mji mwingine. Niliogopa ataondoka na hicho kinyongo kifuani, na baba yake abaki na shikamoo ya kwenye simu.

Basi alasiri moja Radi akabeba flashi zake kwenye mfuko, akaenda kwa mpiga picha mwenzake wa harusi, akarudi na lenzi moja, fupi, nene, iliyokwaruzwa ubavuni.

"Umeuza flashi?"

"Nimebadilishana."

"Na radi sasa itawaka kwa kutumia nini?"

"Haitawaka," akasema, akaingia zake ndani.

Jamani, mimi nilijua ni mchezo wa siku mbili. Wapi! Akanisimamisha kwenye ujia wa jikoni, taa yenyewe ile moja hafifu. "Rusha mto." Nikarusha. "Juu zaidi." Nikarusha. Picha za kwanza zilikuwa giza tupu, kama amepiga ndani ya gunia. Zilizofuata zikaonyesha kitu.

"Huyu ni nani?"

"Wewe."

"Mimi nina mikono minne?"

"Ukitulia utakuwa na miwili."

Nikamrushia ule mto usoni. Akabonyeza kabla haujamfika, na hiyo ndiyo ikawa picha ya kwanza kutoka safi. Unaona hadi mshono wa foronya, na nyuma yake uso wangu, ambao sitaki kuuzungumzia.

Halafu akaanza kwenda ukumbini jioni za mazoezi ya wanaume. Akirudi nilikuwa nasomeshwa mezani. Lenzi lazima ifunguke mpaka mwisho ili inywe mwanga wote uliopo. Kamera lazima iwe na kasi, la sivyo mkono wa mchezaji unageuka moshi. Ukiilazimisha hivyo gizani picha inaingia chenga, vidoadoa kama mchanga, na chenga inabidi uzikubali tu, asiyezitaka aende akapige picha bustanini. Taa za ukumbi ule nusu ni kuukuu, za njano, na nusu zimebadilishwa. Kwa hiyo yeye hukaa upande wa taa mpya na kungoja mchezo umfuate.

"Mtu akiruka," aliniambia, kijiko kimesimama hewani, "kuna mahali anafika hapandi tena, na bado hajaanza kushuka. Hapo ananing'inia. Hapo hata taa mbovu inatosha."

Nikamwambia chakula kinapoa.

Ila studio ilikuwa haijamtoka mdomoni. Siku moja mchezaji anakuja kasi, Radi kajisahau: "Tazama hapa!" Kijana wa watu, kalelewa vizuri, akageuka kumtazama mzee, na pasi ikamtua sikioni. Kocha alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo mume wangu akiingia ukumbini anatia pipi mdomoni, aimumunye mpaka mchezo uishe.

Nilipoona mambo yameiva nikamfuata binti, anapiga pasi jezi yake. "Mpe mechi moja."

"Mama, usiniingize."

"Nilishakuingiza siku niliyokuzaa. Mechi moja tu."

Akaizungusha pasi kwenye namba mgongoni mpaka nikaona ataiunguza. "Moja," akasema. "Na akiwasha hata kiberiti, natoka uwanjani, na asiniulize tena."

Siku ya mechi Radi alivaa shati la harusi. Refa alikuwa yule yule. Aliichukua kamera, akaigeuza juu chini, akachungulia hadi ndani ya mkoba, ndipo akamwacha apite. Mume wangu akaihamisha pipi shavu la pili. Akapiga goti chini ya taa mpya.

Mchezo wenyewe sikuuona. Nilikuwa namtazama yeye. Mama mmoja ubavuni mwangu kila mara ananipiga paja, "Umeliona hilo?" Nami namwambia nimeliona, mwongo mkubwa. Binti akigusa mpira, mimi naangalia kidole cha Radi kwenye kamera.

Mwishoni kabisa tuko nyuma kwa pointi moja. Binti akaunyang'anya mpira katikati ya uwanja, akachomoka. Mbele yake hakuna mtu. Akafika chini ya goli, akaruka, na nikamwona baba yake anainua kamera. Nikafumba macho. Sikuweza, jamani.

Nikasikia ukumbi mzima, "Aaah!" Kufumbua, mpira unabingirika kuelekea kwenye mabenchi, na wapinzani wanakumbatiana. Nikasema moyoni, kawasha, mwanamume huyu kawasha! Nikasimama nimfuate nikamtie adabu mbele za watu. Ndipo nikakumbuka kwamba hana cha kuwasha. Refa wala hakuwa akimtazama. Radi alikuwa bado kwenye goti lake, kamera usoni. Mtoto alikuwa amekosa tu, peke yake, goli ambalo kwenye mazoezi hulifunga huku anapiga soga. Alisimama akimkodolea baba yake macho kwa muda, kisha akaingia chumba cha kubadilishia nguo.

Asubuhi yake Radi alizifungua picha kwenye kompyuta ya studio. Ile ya kukosa ilikuwemo. Binti ananing'inia hewani, mkono umenyooka, vidole wazi, mpira ndio kwanza umemtoka na umeshaenda kombo kidogo. Unaona jasho shingoni. Mimi si mwepesi wa kusifu, lakini mume wangu hajawahi kupiga picha kama ile tangu nimjue.

"Futa," nikamwambia.

"Sifuti."

"Unataka kummaliza mtoto kabisa, siyo?"

Sauti ikatoka mlangoni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikangoja aende zake. Hakwenda. "Ile niliyokosa," akasema, "umeipiga?"

Radi akanitazama. Mimi nikajifanya naokota kitu sakafuni.

"Nimeipiga."

"Nionyeshe."

Akainama nyuma ya kiti cha baba yake, akaiangalia. Akaiangalia sana.

"Sikuona mwanga wowote," akasema.

"Haukuwepo."

"Na nimekosa."

"Umekosa."

Mdomo ukaanza kumtetemeka. "Basi hata siku ile," akasema, "labda ningekosa tu, baba. Labda nimekubebesha lawama bure."

Mimi ningelidaka hilo neno kwa mikono miwili. Mwaka mzima wa shikamoo kavu, na sasa mtoto mwenyewe anamsamehe! Radi akavua miwani, akageuza kiti mpaka wakatazamana.

"Hapana," akasema. "Ile nilikukosesha mimi. Hii ndiyo yako."

Binti akalia, akacheka, vyote kwa pamoja. "Baba, nawe! Hata kumfariji mtu hujui?"

"Lakini tazama mkono ulivyonyooka," akasema Radi, naye sauti haikuwa sawa.

Binti akajifuta pua kwa kiganja. "Utaiweka dirishani, watu waione?"

"Ukikataa siiweki."

"Weka." Akasimama wima, akakumbuka mlango, akainama. Kisha akageuka. "Jumamosi kuna mechi, tuondoke wote, baba. Mapema. Pale kwenye taa mpya watu wanapawahi."

Mimi hakuna aliyenialika, lakini nitakwenda.