Usingizi wa Anselmo

Jirani yangu Night aliniambia kwamba Anselmo, yule Mhispania anayefundisha watoto mpira hapa Koboko, hapati usingizi tangu astaafu kucheza. "Kwao uwanja muzima ilikuwa inaimba jina yake," alisema. "Sasa kimya inamutesa."

Nilicheka. Lakini mchana, nikimbembeleza binti yangu Poni mgongoni, nikimwimbia jina lake na la bibi yake, nilimwona Anselmo ameketi mlangoni pake, viatu vya mpira mapajani. Kichwa kikainama taratibu, macho yakajifumba.

Poni aliposinzia nikanyamaza. Anselmo akashtuka. Akanijia uani, kofia mkononi kama mtu anayeingia kanisani.

"Mama Poni," akasema polepole, "imba tena. Tia na jina yangu."