Swali la Mama Lililobaki Ubaoni

Siku tano njiani, kutoka Muheza hadi shule yetu ya milimani kule Ibaba. Basi hadi Dar es Salaam, treni hadi Tunduma, kisha kungoja kwenye njia panda ya Mpemba mpaka lipatikane lori la kwenda Ileje, juu ya magunia ya chumvi, na mwisho miguu, begi kichwani, kashati ka mikono mifupi katika baridi ya Julai. Ndivyo mwalimu wangu wa darasa la nne alivyotusimulia safari iliyomleta kwetu, na kila mara tulicheka alipofika kwenye shati. Juzi nilikuwa Tunduma, nikipita kando ya foleni ya malori, nikakutana na mtu niliyesoma naye. Akaniambia mwalimu amefariki huko kwao Muheza na ameshazikwa. Niliondoka pale bila kukumbuka nilikuwa nimefuata nini.

Miaka ile ya themanini, kuongea Kindali, lugha yetu ya nyumbani, shuleni lilikuwa kosa la kuchapwa. Yeye, mgeni asiyejua hata salamu yetu, alituagiza kinyume chake: kila wiki tukamweleze mtu wa nyumbani somo moja, kwa Kindali, na Ijumaa tuje na swali la mtu huyo. Alisema kama huwezi kumweleza mama yako, basi hujaelewa, umekariri tu. Maswali aliyaandika upande wa kushoto wa ubao, na swali halikufutwa mpaka lipate jibu. Asipojua alisema hajui, akaenda kumuuliza bwana shamba au nesi wa zahanati. Walimu wenzake walimwona anajidhalilisha. Mama yangu naye hakutaka kuuliza chochote. Kaka yangu alikuwa amemaliza darasa la saba, akavuka mpaka kwenda Zambia, na hatukumsikia tena. Tangu hapo mama hakuwa na hamu ya mambo ya shule. Basi nikatunga. Nikasema mama anauliza mji mkuu wa Brazili ni upi.

“Mama yako ana safari ya Brazili?” mwalimu akauliza, na darasa zima likaangua kicheko. Wenzangu walipotoka alinibakiza. “Hilo swali ni lako. Zamu yake umemnyang’anya. Kamrudishie.”

Jioni nilimkuta mama anachambua pareto. Nikamweleza yote, hata uongo wangu. Hakuinua kichwa. Akasema nimuulize mwalimu hivi: mtoto akishasoma sana, anarudi?

Swali hilo lilikaa ubaoni miaka mitatu, maana mwalimu alipanda nasi hadi darasa la saba. Kila muhula mwalimu aliliandika upya kwa mkono wake, asilijibu. Siku moja alitueleza kwamba alisomea ualimu ili afundishe shule ya kijijini kwao. Alimwahidi hivyo mama yake mzazi. Alipomaliza chuo akapangiwa kwetu. Kisha akaendelea na sehemu za desimali.

Nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, mama alikataa. Mtoto mmoja alishampoteza na hakuwa tayari kumtoa wa pili. Mwalimu akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, na mimi nikawa mkalimani. Alisema amekuja kujibu swali. “Mwambie mama, wengine wanarudi, wengine hawarudi. Mimi mwenyewe sijarudi. Siwezi kumwahidi.”

Nilikuwa naitaka shule ile kuliko chakula. Nikamgeukia mama, nikamwambia kwa Kindali kwamba mwalimu anasema watoto waliosoma wanarudi wote.

Mwalimu akainua mkono. Kwa Kindali cha kubabaisha, alichokiokota neno moja moja kwenye maswali yetu ya Ijumaa, akamwambia mama kwamba hakusema hivyo, kisha akarudia jibu lake mwenyewe, lote. Matamshi yake yalimchekesha mama mpaka akafuta macho kwa kanga. Halafu akatupa mgongo, akachochea moto. Mimi nilijua yameisha. Mwishowe akaniambia nikamletee mwalimu maziwa, na alipokuwa anakunywa, akasema: “Huyu hajanidanganya. Mtoto aende.”

Nimetangatanga sana tangu hapo. Nimekaa Mkwajuni kwenye machimbo ya dhahabu, nimekaa Tunduma, nimevuka mpaka na kurudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku hizi barabara yote ya Mbozi imejaa mabango ya shule za binafsi, na kila bango lina watoto wenye tai na ahadi juu yao. Sizichukii shule hizo; wengine wamesoma humo wakafika mbali. Ila nikipita mbele ya mabango yale hujiuliza nani kati ya wenye shule angethubutu kukaa kwenye kigoda na kumwambia mzazi kile ambacho elimu inaweza kumchukulia. Mwalimu wangu aliiamini elimu kiasi kwamba hakuona haja ya kuitafutia wateja kwa uongo. Mzazi akiambiwa ukweli, anamtoa mtoto wake kwa moyo wake mwenyewe, na mtoto huyo anajua ametolewa na nani. Hilo ndilo ninalomshukuru.

Januari ile niliyokwenda kuanza kidato cha kwanza, mwalimu alipata uhamisho wa kwenda kwao. Mama yake alikuwa mgonjwa. Tuliteremka milima pamoja, juu ya lori moja, yeye na begi lake, mimi na sanduku langu la bati. Tulipoachana Mpemba alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Nikamwambia nitamwandikia mama barua kwamba mwalimu ameondoka salama.

“Usiandike,” akasema. “Kamwambie kwa mdomo.”

Akapanda gari la Tunduma kuiwahi treni, amevaa sweta alilofumiwa na mama yangu. Likizo ya Juni nilipanda mlima, nikamwambia mama.