Nilivyobaki Kisian na Kimeng'enya

Nilirudi Kisumu mwishoni mwa miaka ya themanini nikiwa na digrii ya kemia ya viumbe, mume, na masanduku ya vitabu ambayo hakuna mtu mwingine aliyetaka kuyabeba. Mama aliwatangazia majirani kwamba binti yake amerudi kutoka ng'ambo na sasa ni daktari. Jumamosi yangu ya kwanza nyumbani, kule ufukweni ng'ambo ya barabara ya Busia, niliamka nikakuta wanawake wameketi kando ya ghala la mahindi, kila mmoja na mtoto mwenye homa mapajani. Ilibidi nimwambie kila mmoja kwamba sina sindano wala vidonge.

"Sasa wewe ni daktari wa nini?" mama akaniuliza walipoondoka.

"Wa vitu vidogo, Mama. Vidogo hata kuliko vijidudu."

"Basi usiwaambie watu hivyo," akasema, akarudi kwa omena zake, dagaa wa ziwani, zilizokuwa zikikauka juani.

Nilipata kazi katika maabara ya utafiti wa malaria pale Kisian, nje kidogo ya Kisumu. Wenzangu wengi walishughulika na mbu: walikokaa, walivyozaana, waliuma saa ngapi. Asubuhi walitoka kwa makundi, jioni wakarudi na matope hadi magotini na hadithi za kucheka. Mimi nilipewa chumba mwisho wa ukumbi, chenye friza, meza ndefu, na dirisha lililotazama ukuta wa tangi la maji. Kazi yangu ilikuwa ya kiti na kalamu, na ilikuwa yangu peke yangu.

Ilikuwa hivi. Kijidudu cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula ile protini inayoipa damu rangi yake. Hakina meno. Kina vimeng'enya, ambavyo ni protini za kukatakata nyingine, na kimoja kati ya hivyo ndicho kinachoanza ulaji kwa kuikata protini ya damu mahali pamoja maalumu. Nilitaka kuunda kipande bandia kinachofanana na mahali hapo: mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani peptidi, ambao kimeng'enya kitaudhani ni chakula na kuukumbatia. Lakini kile kiungo kinachopaswa kukatwa ningekibadilisha kwa kingine kisichokatika. Kimeng'enya kingeukamata mnyororo huo, kingeshindwa kuukata, na kingebaki kimekwama hapo hapo huku kijidudu kikifa njaa.

Kwa maneno ni rahisi. Ukweli ni kwamba kimeng'enya kina mfuko wake, na mfuko huo una kuta, kona na tabia. Ukiweka asidi amino nene mahali penye ufinyu, mnyororo hauingii. Ukiweka nyembamba, unaingia na kuteleza kutoka. Jioni nilikuwa nikiunda maumbo hayo mezani kwetu kwa vijiti na vitufe vya plastiki. Mume wangu, aliyefundisha hesabu chuoni Maseno, alikuwa akiketi upande wa pili akisahihisha mitihani na kutafuna njugu. Mara nyingine mnyororo ulianguka ukasambaratika, naye akainama chini ya meza kuniokotea vitufe bila kuulizwa.

"Huyu wa leo anaitwa nani?" alikuwa akiuliza.

"Hana jina bado."

"Mpe jina, pengine ataacha kuanguka."

Sikuwa na mashine ya kutengeneza peptidi zenyewe. Nilichora, nikatuma mchoro kwa mwalimu wangu wa zamani ng'ambo, naye aliziunda na kunirudishia kwa posta. Baada ya majuma mengi kilifika kijichupa chenye unga mweupe kwenye kitako chake, mchache kiasi kwamba ungedhani ni vumbi. Niliuyeyusha, nikauchanganya na kimeng'enya, nikatazama. Minyororo ya kwanza yote ilishindwa. Mingine haikushikwa kabisa. Mingine ilikatwa kwa sababu nilikuwa nimekosea mahali pa kuweka kile kiungo. Nilirudi mezani, nikachora tena.

Mume wangu akapata kazi Botswana. Miaka ile walimu wengi wa vyuo walikuwa wakienda kusini, na hakuna aliyewalaumu. Alinieleza habari hiyo tukiwa jikoni, sufuria ya ugali ikiwa motoni, akasema nami ningepata kazi huko, kwamba alikuwa ameshauliza.

"Ya nini?"

"Ya kufundisha kemia."

"Na kimeng'enya?"

Akapunguza moto. Nikamwambia atangulie, nami nitamfuata nikimaliza mchoro niliokuwa nao. Nilikuwa nikisema kweli. Nilidhani ni suala la miezi.

Akawa ananipigia simu ofisini kila Ijumaa mchana. Simu ilikuwa moja tu, juu ya meza ya karani, na mwanamke huyo aliendelea kupiga chapa huku akijitahidi aonekane hasikii. Hivyo nilizungumza na mume wangu kama mtu anayeagiza saruji. Hali ya hewa? Ni joto. Mama? Hajambo. Wewe? Niko. Kisha nilirudi mwisho wa ukumbi, nikavaa koti langu jeupe, nikakaa. Kulikuwa na siku ambazo sauti yangu ilinishtua jioni nilipomsalimu muuza mboga wa soko la Kibuye, kwa kuwa sikuwa nimeitumia tangu asubuhi.

Siku mnyororo ulipokubali, jengo lilikuwa tupu. Mmoja wa madereva wetu alikuwa amefiwa na baba yake, na wote walikuwa wamekwenda mazishini upande wa Asembo. Mimi nilibaki kwa sababu kimeng'enya nilichokuwa nimekisafisha kwa juma zima kingeharibika. Nilikuwa nikikipima kwa dawa inayong'aa inapokatwa: kimeng'enya kikifanya kazi, mwanga unapanda na sindano ya mashine inapanda nao. Niliweka peptidi mpya, nikawasha. Sindano haikusogea.

Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba kimeng'enya kimekufa. Nikakijaribu bila peptidi, na mwanga ukapanda vizuri. Nikarudia nikiwa na peptidi. Giza. Nikapunguza peptidi, nikapunguza tena, nikaifanya haba kama harufu tu, na bado giza. Kilikuwa kimekamata, na hakikuachia.

Nilitoka nje nikitafuta mtu. Hapakuwa na mtu ila mlinzi wa lango na redio yake iliyokuwa ikitangaza mpira.

"Mzee, imekubali," nikamwambia.

"Nini imekubali, daktari?"

"Kazi yangu. Ile ya kila siku."

"Haya! Mungu ni mwema," akasema kwa furaha ya kweli. Nilisimama naye tukasikiliza mpira hadi mapumziko, nami sikujua hata ni nani waliokuwa wakicheza.

Majuma yaliyofuata niliuweka mnyororo ule kwenye vijidudu vyenyewe, vilivyokuwa vikikuzwa ndani ya damu katika chupa. Kwenye hadubini nikaona mfuko wa chakula wa kila kijidudu umevimba, umejaa protini ya damu isiyosagika. Nilimleta mama aone. Alikuja amevaa nguo yake ya kanisani, akainama, akafumba jicho alilopaswa kutazamia, akaona kope zake tu. Nilimwelekeza tena. Hatimaye akaona.

"Hivi ndivyo vilivyomchukua dadako," akasema.

Dada yangu alikufa kabla sijazaliwa. Mama hakuwa amewahi kumtaja mbele yangu zaidi ya mara chache. Nilimwekea mkono mgongoni, naye hakuinua kichwa.

Ijumaa nikamwambia mume wangu simuni. Karani aliacha kupiga chapa.

"Kwa hiyo sasa utakuja," mume wangu akasema.

"Bado panya. Lazima ijaribiwe kwa panya wenye malaria."

"Na baada ya panya?"

"Inategemea. Pengine kuirekebisha."

Laini ilikuwa ikikwaruza. "Nimeelewa," akasema taratibu, na nikajua kwamba ameelewa kweli, pengine kabla yangu.

Panya walikufa. Niliwadunga dawa yangu, na malaria iliendelea ndani yao kana kwamba nimewadunga maji. Nilipopima damu yao nikaona sababu: damu ina vimeng'enya vyake yenyewe, na hivyo havikujali kiungo changu kisichokatika. Viliutafuna mnyororo kwingineko, kutoka ncha zake, ukaisha kabla haujafika ulikokuwa ukienda. Nikafunika ncha. Ukadumu zaidi kidogo, lakini sasa ulikuwa mnene, haupenyi ukuta wa chembe. Kila nilipoziba mahali, pengine pakafunguka. Mwalimu wangu wa ng'ambo akastaafu, na aliyechukua nafasi yake alikuwa na shughuli zake. Vijichupa vikaacha kuja.

Mume wangu alirudi mara moja, mwaka ambao gugu maji lilikuwa limefunika ziwa hadi bandarini na mashua zikashindwa kutoka. Nilimpikia samaki wa ngege. Alikula nusu, akaweka mkono mezani, akaniambia kwamba anaishi na mtu huko, na kwamba wanatarajia mtoto. Alisema alitaka kuniambia kwa kinywa chake. Nilimshukuru kwa hilo. Nikamwongezea mchuzi, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, naye akaula wote, maskini, ingawa nilijua ameshiba.

Alipoondoka sikwenda kazini siku iliyofuata. Ya pili nilikwenda.

Wakati huo jengo zima lilikuwa limehamia kwenye neti. Zilikuwa neti za kawaida za kitandani, zilizochovywa dawa ya kuua mbu, zikipelekwa kijiji hadi kijiji ili ipimwe kama watoto watanusurika. Zilisaidia. Wenzangu walirudi jioni wakilisema hilo, nami nilifurahi kwa dhati, kisha nikarudi chumbani kwangu na kusikia friza ikinguruma. Asubuhi moja kiongozi wa kikundi chao alisimama mlangoni kwangu akasema wamepungukiwa na watu. Sikumuuliza ni kwa siku ngapi. Nilivaa viatu vya mpira.

Tulichovya neti uwanjani mwa shule moja karibu na ziwa. Wanawake walileta mabeseni, tukawapa glavu, tukapima maji na dawa, neti zikaingia nyeupe na kutoka nzito. Nilipangwa na mama mmoja wa umri wangu, mwenye mikono yenye nguvu na mdomo usiotulia. Tulikuwa hatujamaliza neti ya kwanza alipouliza:

"Na mzee wako yuko wapi?"

"Alienda Botswana."

"Kurudi?"

"Hapana."

"Wangu alienda Nairobi," akasema, akaipindua neti. "Lakini usikamue hivyo, dawa itakurukia machoni. Pinda kwanza. Eeh. Sasa vuta."

Nikavuta. Maji yakamwagika viatuni mwangu, akacheka, nami nikacheka, na tukaibeba neti hadi kwenye mkeka wa kivulini, tukaitandaza, tukarudi kuchukua nyingine.