Pingo la Nyumba ya Maskini

Mimi ni kigego. Nalisema mwanzo kabisa ili anayetaka kuacha kusoma aache sasa. Meno yangu ya juu yalitangulia ya chini, na huku Upareni enzi nilizozaliwa, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa mkosi wa kumaliza ukoo. Wazee walimchukua wakaenda kumtupa majabalini. Mama yangu alipoliona lile jino alinifunga mgongoni akapanda mlima hadi misheni, kwenye nyumba waliyoiita Nyumba ya Maskini. Humo walikaa wajane wasio na mtoto, vipofu, wazee waliosahauliwa, na akina mama kama yeye. Humo nilikulia.

Uhuru ulipokuja misheni iliwaachia wananchi ile nyumba, na wakati wa Ujamaa kijiji kikaifanya ukumbi. Mikutano humo, harusi humo, kisomo cha watu wazima humo. Kusoma na kuandika nimejifunzia humo, tayari nina watoto wakubwa. Chumba cha mwisho, ambamo ndimo tulimokuwa tukilala mimi na mama, walikijaza vitu vya kale wakaandika mlangoni kwa chokaa: Makumbusho ya Kijiji.

Basi binti yangu wa kwanza akachumbiwa na kijana wa Kihurio. Mahari yakaletwa, yakapokelewa. Nikasema sherehe itakuwa ukumbini. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye habari zangu anazijua, kama kijiji kizima kinavyozijua, akaniita pembeni.

"Mama, si uchukue darasa la shule? Jipya, lina sakafu ya saruji. Hawa wa Kihurio wakianza kuuliza nani alikaa nyumba ile, utamponza binti yako."

"Darasa halikunilea."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Na meno pia."

Mama wa kijana akapanda kuja kuona mahali. Mwanamke wa bondeni, mnene, amezoea tambarare ya mpunga. Alifika anahema kama mvukuto wa mhunzi.

"Mkwe," akasema, "huku mnaishi watu au mbuzi?"

"Mbuzi walishindwa wakashuka. Tumebaki sisi."

Akacheka, nami nikampenda. Nilimwingiza ukumbini. Akapima kwa macho, akasema watu wake watatosha na mchele watauleta wao. Kisha akaona ule mlango wenye maandishi ya chokaa. "Na humu?"

Ufunguo alikuwa nao mwalimu wetu wa kisomo, binti aliyeletwa kutoka Songea, mwenye adabu sana. Alituamkia shikamoo akatufungulia. Akatuonyesha kinu, vyungu, kitanda cha kamba, na kwenye kona pingo, ule mti mnene unaopitishwa nyuma ya mlango ili usifunguke.

"Hili walijifungia kwa sababu ya chui," akasema. "Humu walikaa akina mama waliokimbia na watoto vigego. Watu wasio na kwao. Sasa hao watoto sijui waliishia wapi, maskini."

Ningeweza kunyamaza. Mkwe alikuwa ameinama anachungulia chungu. Lakini moyoni nilimwona mama yangu amekalia kile kitanda, na hapa anaitwa mtu asiye na kwao.

"Mmoja yuko mbele yako," nikasema. "Na chui hagongi mlango akakuita jina lako. Waliogonga ni baba zangu wadogo na kaka zake mama, tumbo moja. Mama alitia pingo hilo akaegemea mlango, mimi nikiwa mgongoni, mpaka wakachoka wakaondoka. Kwao alikuwa nako. Kwao ndiko kulikokuwa nje kunagonga."

Mwalimu alishika mdomo. "Mama, nisamehe, sikujua."

"Hujakosa, mwanangu. Umeambiwa vibaya."

Mkwe alikuwa ameinuka kutoka kwenye chungu. Alinitazama kinywani, waziwazi, bila kujificha.

"Wewe ni kigego?"

"Ndiyo."

"Na unataka wanangu wale humu?"

"Ndiyo."

"Umezika nani?"

"Nimemzika mama yangu, alipozeeka. Mume wangu yuko kazini mashamba ya mkonge, mzima, anakula kama nzige. Wanangu wote wapo. Wewe je? Umezika nani?"

"Mume. Na watoto wawili."

"Na meno yako yalianzia wapi?"

"Chini."

"Basi."

Aliketi kwenye kile kitanda cha kamba, kikalia. Nilidhani nimemuudhi, na nilikuwa nimemuudhi kweli. Baadaye akasema, "Mimi siwezi kuwaficha wazee wetu jambo hili."

"Waambie. Sikukuomba ufiche."

Akashuka mlima bila kunywa uji niliompikia.

Binti yangu alilia siku zile mpaka sauti ikamkauka. "Mama, ungenyamaza siku moja tu! Siku moja!"

"Nikinyamaza mimi siku moja, wewe utanyamaza maisha yako yote katika nyumba ya watu. Mwanao akiota jino utakuwa unamfunga kitambaa mdomoni. Kama hawatakuja, wasije sasa."

Nilisema kwa ukali, lakini kila asubuhi nilitoka kutazama njia ya bondeni. Kutoka Kihurio halikuja neno.

Siku yenyewe ilipofika nilipika makande kama kwamba wanakuja. Jirani zangu walinitazama wakatazamana. Jua lilipopanda tukasikia vigelegele kule chini kwenye kona ya njia. Wanawake wa Kihurio, mchele vichwani, na mbele yao mkwe wangu anahema. Hakunisalimia. Alitua mzigo, akajifunga kanga kiunoni, akauliza, "Mafiga yako wapi?"

Wanaume wakafuata na bwana harusi. Kijana mwenyewe aliingia moja kwa moja. Lakini baba yake mkubwa, ndiye msemaji wa ukoo, alikaa juu ya jiwe nje, na wazee wenzake wakakaa naye. Mkwe akaja kuninong'oneza.

"Wamekuja kwa ajili ya kijana. Kuingia wamekataa. Watolee chakula huko huko."

"Chakula changu hakitoki nje."

"Mkwe, usiharibu."

"Sijaharibu. Mlango uko wazi. Anayetaka kula aingie."

Tukala. Wali, makande, nyama ya mbuzi, vijana wanaimba. Mume wangu, aliyepanda kutoka mkongeni kwa ajili ya harusi, mtu wa kuja ambaye meno ya mtu hayajawahi kumshughulisha, akawa anasifia nyama kwa sauti ya makusudi ili walio nje wasikie. Huko nje ukungu ukashuka, ule wa kwetu unaoingia mpaka mifupani, na wale ni watu wa bondeni wenye shuka nyepesi. Akaingia wa kwanza, akijifanya anatafuta moto wa sigara. Hakurudi. Akaja wa pili kumtafuta wa kwanza. Mwisho baba mkubwa akabaki peke yake na jiwe lake, nami nimesimama mlangoni na sahani yake mkononi, simwiti.

Aliinuka, akanipita bila kunitazama. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nafasi ilikuwa chumba cha mwisho tu, na mwalimu alikuwa amekiacha wazi. Akaketi kwenye kitanda cha mama yangu. Nikampa sahani. Alikula matonge matatu hivi, akajikunyata.

"Mama," akasema, na ndilo neno lake la kwanza kwangu, "hebu tia pingo mlango huo. Baridi."

Nililitazama lile pingo pale konani.

"Mlango huu ulishafungwa vya kutosha, baba. Leo haufungwi. Baridi haijaua mtu humu. Kula."

Akala.