Nimepanga Wiki Mbili Italia, Kwetu Wameshaniaga Moja kwa Moja

Admin, ficha jina langu na la hoteli ninayofanyia kazi, maana watu wa kwetu wanasoma hii page kuliko wanavyosoma Biblia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka thelathini na sita. Naishi Ruiru na kazi yangu iko Thika, kwenye hoteli iliyo karibu na maporomoko. Nimewahudumia watalii pale miaka mingi. Mtalii anakuja na kitabu chake cha safari, anatazama maporomoko, anatazama kitabu, anakunywa chai niliyomletea na kuondoka bila kuniuliza lolote, mimi mzaliwa wa hapa. Hilo liliniuma, halafu likanitia wivu. Nikajiambia kabla sijazeeka, mimi pia nitaenda kwa watu na kitabu mkononi, bila kikundi cha kanisa wala mwanamume wa kunilipia. Niangalie vitu vyao, nirudi nyumbani.

Nikachagua Italia. Msiniulize kwa nini, wengine huchagua Dubai na hawaulizwi. Kitabu cha kwanza nilikipata kwa muuza vitabu kuukuu hapo Thika. Kilikuwa kinene, picha nzuri, lakini kila ukurasa ni hoteli ambayo mimi ningeingia kupitia mlango wa jikoni. Cha pili kilitaka nimalize nchi nzima mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na polisi. Cha tatu ndicho nilichokipenda. Kilinieleza kwamba kahawa ukiinywa umesimama ni bei rahisi kuliko ukikaa mezani, kwamba tiketi nyingine za treni lazima uzigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, na kwamba ukiingia kanisani ufunike mabega. Kiliongea nami kama mtu mzima. Nilikisoma kila siku nikitoka kazini, mpaka nikajua nitalala wapi Roma na nitashukia wapi Napoli.

Viza ilipotoka nilimwambia mama yangu, ambaye binti yangu humwita Cucu na ndiye hunishikia mtoto nikiwa kazini. Alilia kwa furaha. Mimi mjinga nikadhani anafurahia safari yangu.

Jumapili iliyofuata aliniita kwake, nikakuta hema, viti vya kukodi, sufuria za pilau na kanisa zima. Walikuwa wananiaga. Pasta aliniwekea mikono kichwani akamwomba Mungu anifungulie kazi, makaratasi na hata mume wa huko. Niliposimama kushukuru, nikasema wazi kwamba naenda kutembea tu wiki mbili na tiketi ya kurudi ninayo. Watu wakacheka. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba nimefanya vizuri kusema hivyo hadharani, maana huwezi kujua nani atakuchongea kwa serikali. Kwetu mtu haendi majuu akarudi na nguo zile zile.

Wairimu, mdogo wangu, hakungoja hema ling'olewe. Kesho yake alienda hotelini kumwambia supavaiza wangu kwamba mimi sirudi, apewe yeye nafasi yangu. Supavaiza akaniita akaniambia nimemdanganya kuhusu likizo, na nikirudi nisishangae nikipata mtu mwingine. Jioni nikafika kwangu nikamkuta Wairimu yuko juu ya stuli anapima madirisha, anatafuta saizi ya mapazia. Ufunguo alipewa na mama. Stuli yangu ina mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo alikuwa ameweka kile kitabu nilichokipenda. Hakuona haya hata kidogo, aliniuliza tu kama kitanda nitamwachia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilienda kwa mama nikiwa na hasira, nikijua atamkanya. Alikuwa anamenya viazi na hata hakuinua kichwa.

"Nani huenda Ulaya kuona manyumba za watu?" akaniambia. "Wairimu hana kazi, wewe umefunguliwa mlango. Ukinirudia hapa na mapicha, hiyo aibu nitaipeleka kanisa gani?"

Nikamwambia hayo ni maisha yangu, na pesa niliweka mwenyewe. Akaweka kisu chini.

"Nilikushikia mtoto nikijua siku moja utatoka. Ningejua ni safari ya kutembea ningekuachia mtoto wako zamani. Hapa umetusaidia na nini, chai ya wazungu? Enda. Ata kuosha wazee wa huko ni kazi."

Nilizaliwa na huyo mwanamke. Tangu siku hiyo kuna wakati nawaza nibaki Italia kweli, nibadilishe namba ya simu, nisiwatumie hata senti moja, wakae hapo na mapazia yao. Nawaza hivyo na nafurahia, na furaha hiyo inaniogopesha.

Kinachonirudisha ni binti yangu. Yuko darasa la tatu, na ndiye pekee niliyemwonyesha ramani kwenye kitabu na kumwambia nitakuwa hapa, halafu hapa, halafu nyumbani. Juzi nilipokuwa namsuka nikamuuliza nimletee nini. Akafikiri vizuri, kwa adabu kabisa, akasema:

"Usilete, mum. Tuma tu. Cucu amesema ukirudi sitaenda ile shule iko na swimming pool."

Nikaendelea kumsuka, naye akaniomba nisivute sana.

Ndege ni wiki ijayo. Nishaurini, ndugu zangu, na msiniambie niombe, pasta ameshaomba. Mtoto ameshajifunza kukaa bila mimi hata kabla sijaondoka. Niende na nirudi kwa nani?