Moto wa Mpangaji Wetu

Nilidhani nyumba inaungua. Ilikuwa baada ya alasiri, mwezi wa nne, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na moshi ulikuwa ukipanda kutoka uani kwetu Mawaleh, huku Uarabuni, ukipenya kwenye nguo za mama zilizoanikwa. Nikateremka mbio. Mpangaji wetu wa chini, mwanamke wa Kichina aliyekuwa akitibu watu kwa sindano kwenye kliniki moja, alikuwa amechutama akitia shati motoni. Shati la karatasi, lenye kola na vifungo vya kuchorwa. Kisha viatu, vya karatasi pia.

Mama alifika nyuma yangu akivuta uradi. Uchawi, tena uani kwetu! Akamwambia kwa Kiarabu auzime moto, na kesho atafute nyumba nyingine.

Yule mwanamke hakubisha, akashika ndoo ya maji. Ila kwa Kiarabu chake cha kuokoteza alieleza kwamba ni msimu wa kwao wa kufagia makaburi ya wazee. Kaburi la baba yake liko China, likizo hana, basi anampelekea nguo kwa moto. Akaonyesha chini. Moto ulikuwa ndani ya duara la chaki lililoachwa wazi upande mmoja, upande liliko kaburi, ili vitu visipotee njia.

Nilingoja mama aendelee kufoka. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ile nafasi iliyo wazi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu hajui kaburi liko wapi, huacha wazi upande gani?

Mimi nilishangaa swali lenyewe. Kaburi la babu, baba yake mama, tulilijua sote. Liko Unguja, nyuma ya msikiti wa mtaani kwao, na kila Ijumaa tukimsomea Fatiha. Tena nilikuwa nimeshakata tiketi ya kwenda kulizuru. Nikamkumbusha mama.

"Hapana kaburi, mwanangu," akasema. "Walikuja kumchukua wakati wa mapinduzi, hatukumwona tena. Wewe na ndugu zako mlipokuwa wadogo, mkiniuliza kila siku yuko wapi. Nikakwambieni nyuma ya msikiti."

Akaichukua ndoo mkononi mwa mpangaji, akaiweka kando, akamwambia aache moto umalizike.

Nikakaa palepale sakafuni. Mama hakunitazama.

"Ukenda Unguja," akasema, "msomee popote utakaposimama."