Weusi Wapole na Wakali wa Mbugani

Siku ya kwanza kazini nyuki alinichoma mdomo. Nikavimba, na mnyapara akacheka mpaka akakaa chini. "Karibu kazini, mayu!" Yaani mama, kwa kwetu.

Hapo ndipo nilipoanzia, wajukuu zangu, Kahama, wakati wa mkoloni, kwenye kituo cha nyuki cha serikali. Kazi yangu kuyeyusha nta: unachemsha masega, unakamua kwa gunia, nta inaelea, ikipoa unaibandua. Kusoma sikusoma, lakini macho ninayo.

Mkubwa wetu tulimwita Bwana Nyuki, Mzungu mmoja mrefu. Alikuwa anachagua nyuki wa mbegu, yaani wa kuzalisha makundi mengine. Wa kwetu wa mbugani ni wadogo, wa njano, na wakali jamani! Ukikohoa tu wanakuja. Akaletewa na lori wengine weusi, wa milimani. Basi kila mzinga anautikisia mpira wa ngozi mlangoni, halafu anahesabu miiba. Wa kwetu waliujaza. Weusi, hakuna hata mwiba mmoja.

"Hawa ndio mbegu," akasema. "Wale wakali wafukizeni moshi wafe kesho, masega yote apewe mama wa nta."

Mama wa nta ndiye mimi. Moyo ukaniuma. Kila siku nilipita pale na kuni zangu, nikawaona wa njano wanarudi na chavua miguuni, ule unga wa maua wa kulishia majana, watoto wao. Weusi wanaingia miguu mitupu. Nyuki asiyelea watoto anajiandaa kuhama huyo. Na kama hana cha kulinda, akuchome kwa nini?

Nikamfuata. "Bwana, hao weusi wanahama."

Mnyapara akadakia, "Mwanamke na mizinga wapi na wapi! Rudi kwenye sufuria yako!" Kweli, kwetu mizinga ilikuwa ya wanaume.

Bwana Nyuki akaniuliza, "Umejuaje?"

"Nyanyua mzinga wao mmoja."

Akanyanyua. Mwepesi kama kapu tupu. Akafungua kifuniko: masega makavu, majana hamna. Akakirudisha kifuniko, akasema, "Tutangoja siku nne. Wasipohama, wakali wanafukizwa, na wewe unakwenda nyumbani."

Nyumbani nina watoto wawili, na baba yao kaenda machimbo ya Geita, harudi wala haleti habari. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, jua la mchana, weusi wakatoka, mzinga baada ya mzinga, wakapita juu ya miti wakaenda zao. Mnyapara anawakimbiza anapiga debe! Nilicheka mpaka kanga ikafunguka.

Bwana Nyuki akaja kwenye sufuria yangu. "Sasa tuchague wepi?" Nikamwonyesha, katika wale wale wa njano: anayekasirika akapoa kwa moshi, mzinga mzito, miguu imejaa. Akanipa kigoda nikae penye mizinga, na kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu.

Sisemi weusi ni wabaya. Kwao baridi, maua yao siyo haya.

Sasa niko Ngokolo kwa binti yangu, magoti yamechoka. Vijana wanakuja: "Shikamoo bibi, tunataka nyuki wapole, hawa wa kwetu wanachoma." Marahaba, wajukuu. Wanachoma, ndiyo. Wana watoto ndani.